FT232RL, CP2102 au CH340? Tazama pini za adapta kabla ya jina la chipu

Anayetaka kuprogramu bodi ndogo za mikrokontrola kama ESP-01, Arduino Pro Mini au ya STM32 hukutana mapema na kikwazo kimoja: bodi haina njia ya kupokea programu moja kwa moja kutoka USB. Inahitaji adapta ya kukaa katikati, upande mmoja ikiwa na USB ya kompyuta, upande mwingine waya za TX (kutuma) na RX (kupokea). Hapo ndipo swali huzuka, na karibu kila mara huulizwa hivi: kati ya FT232RL, CP2102 na CH340, chipu ipi ni bora?

Kwangu mimi chipu ni swali la pili. Zote tatu huchukua data ya USB na kuitoa kama siriali, yaani biti moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, na zote zina kasi inayozidi mahitaji ya mwanafunzi na ya fundi wa kawaida. Kinachomkwamisha mtu ni kibodi, yaani bodi ndogo iliyobeba chipu hiyo. Mtengenezaji wa kibodi ndiye anayeamua pini zipi zitoke nje, TX itoe volti ngapi, na umeme kiasi gani upatikane kwa ajili ya bodi unayoiprogramu. Adapta mbili zenye chipu ile ile zinaweza kukupa kazi nyepesi na kazi ngumu, na kwa macho tu zinafanana.

Kwa hiyo nitalinganisha kwa kufuata mambo hayo matatu, kisha nitarudi kwenye chipu zenyewe, kwa sababu kwenye suala la draiva chipu nayo ina lake.

DTR, pini ambayo wengi hawaiulizii

Kwenye Pro Mini ya ATmega328P kuna programu ndogo iitwayo butiloda. Huamka kwa muda mfupi tu kila bodi inapoanza upya, ikisikiliza kama kuna programu mpya inayokuja. Kompyuta ikituma ndani ya muda huo, programu inaingia. Ikichelewa, bodi inaendelea na programu yake ya zamani, na wewe unabaki na ujumbe mwekundu wa "not in sync" kwenye skrini.

DTR ndiyo inayolinganisha muda huo. Kompyuta inapofungua mawasiliano, adapta hushusha mstari wa DTR, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 iliyo kati ya DTR na RESET hugeuza mshuko huo kuwa mpigo mmoja mfupi. Bodi inaanza upya yenyewe, wakati unaotakiwa hasa. Pro Mini ina kapasita hiyo tayari. Ukiwa na ATmega328P tupu kwenye bredibodi (ubao wa kuchomeka vipande bila kuchomelea), unaiweka mwenyewe.

Sasa tazama vibodi. Kile chekundu cha FT232RL kinachouzwa kila mahali kina safu ya pini sita: DTR, RX, TX, VCC (umeme), CTS na GND (ardhi). Mpangilio huo ulikusudiwa kukutana uso kwa uso na pini sita za pembeni mwa Pro Mini, bila waya hata moja. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu anayefanya kazi na Pro Mini kila wiki achague FT232RL. Soma tu maandishi ya pande zote mbili kabla ya kuchomeka, maana baadhi ya nakala za Pro Mini zimegeuza mpangilio, na GND ya huku inaweza kuangukia DTR ya kule.

Vibodi vya CP2102 viko vya namna mbili, na hapa macho yawe makini. Kimoja kina pini ya sita iliyoandikwa DTR. Kingine, chenye umbo lile lile, pini ya sita imeandikwa RST. Anayeanza huona RST akafikiri ameipata: RESET ya Arduino iunganishwe hapa. Sivyo. Pini hiyo ni ya kuianzisha upya CP2102 yenyewe, na haitoi mpigo wowote wa kuiamsha bodi yako. Ukiwa dukani, au ukitazama picha ya bidhaa mtandaoni, kuza picha hadi usome herufi hizo tatu.

CH340 ya bei rahisi, ile yenye jampa ndogo ya plastiki (kiungo cha kuchomeka juu ya pini mbili ili kuchagua volti), kwa kawaida hutoa 5V, VCC, 3V3, TXD, RXD na GND. DTR hakuna. Chipu inayo, kwenye mguu wa 13 wa CH340G, na RTS, mstari mwingine wa aina hiyo, iko mguu wa 14, ila mtengenezaji hakuitoa nje. Uzuri ni kwamba miguu ya CH340G inaonekana na ina nafasi, hivyo fundi mwenye mkono uliotulia na ncha nyembamba ya soldaringi anaweza kuunga waya mwembamba kwenye mguu wa 13. Kwa CP2102 sikushauri kujaribu: miguu yake imefichwa chini ya tumbo la chipu.

Bila DTR bado unaweza kufanya kazi. Unabonyeza kitufe cha RESET kwa mkono mara tu Arduino IDE, programu ya kompyuta ya kuandikia na kupakia kodi, inapomaliza kukusanya programu na kuanza kutuma. Kwa kazi ya mara moja inavumilika. Kwa mtu anayejifunza, anayebadilisha mstari mmoja na kupakia tena mara nyingi kwa jioni moja, inachosha na kukatisha tamaa, na naona huo ni uchumi mbaya, kwa sababu tofauti ya bei kati ya adapta yenye DTR na isiyo nayo ni ndogo.

ESP8266 na ESP32 zinadai zaidi. Mbali na kuanzishwa upya, zinataka pini ya GPIO0 iwe chini wakati wa kuanza ndipo ziingie hali ya kupokea programu. Bodi kubwa kama NodeMCU na ESP32 DevKit zina transista mbili zinazotumia DTR na RTS kwa pamoja kufanya yote hayo, lakini hizo huwa na adapta yake ndani tayari. Kwa ESP-01 tupu au ESP32-CAM unayoiunganisha kwa waya, adapta nyingi hazikupi RTS kwenye safu kuu. Kibodi chekundu cha FT232RL kinayo kwenye matundu ya pembeni, ukitaka kuichomelea pini. Wengi wetu tunafanya kwa mkono: GPIO0 kwenye GND, washa, flashi (yaani pakia programu), ondoa waya, washa tena. Kama una ESP32-CAM, nunua pamoja na kitako chake chenye CH340 ndani, ujiondolee usumbufu huo wote. Kwa ESP-01 kuna kijiti cha USB chenye tundu la pini nane, nacho ni kizuri, ila vingi havina kitufe cha GPIO0 na inabidi uchomelee kitufe mwenyewe.

Volti: mahali pa kuharibu kifaa

ESP8266, ESP32 na STM32 huishi kwa 3.3V. Pro Mini iko ya namna mbili, ya 5V inayokwenda kwa megahezi 16 na ya 3.3V inayokwenda kwa megahezi 8. Kwa hiyo adapta yako itakutana na pande zote mbili.

Hapa CP2102 inaongoza, na sababu yake ni rahisi. TX yake hutoa 3.3V wakati wote, hakuna jampa ya kusahau, na pini zake za kupokea zinastahimili 5V. ATmega328P inayotumia 5V huhesabu kuwa mstari uko juu kuanzia asilimia 60 ya volti yake, yaani 3.0V, hivyo 3.3V ya CP2102 inasomeka. Nafasi ni finyu lakini inatosha, na kwa waya fupi za mezani inafanya kazi vizuri. Adapta moja, bodi zote, bila kugusa chochote.

FT232RL inakupa jampa ya kuchagua 3.3V au 5V, na ni chaguo halali ukiwa na nidhamu ya kuitazama kabla ya kila kazi. Kuna mtego mmoja kwenye kebo rasmi za FTDI. Ile inayoitwa TTL-232R-3V3 hutoa ishara za 3.3V, lakini waya wake mwekundu umebeba 5V. Mtu akiona 3V3 kwenye jina, akapeleka waya mwekundu kwenye VCC ya ESP-01, amelisha chipu ya 3.3V kwa volti tano.

Kwa CH340 sitakuambia uamini jampa. Chipu inaweza kutumia 5V au 3.3V, lakini vibodi vinatofautiana. Kwenye vingine jampa inabadilisha umeme wa chipu pamoja na ishara zake. Kwenye vingine inabadilisha tu kile kinachotoka kwenye pini ya VCC, na TX inabaki na 5V. Kipimo chake ni chepesi. Chomeka adapta kwenye kompyuta bila kuiunganisha na kitu kingine, weka multimita kati ya GND na TXD, soma. Mstari wa siriali usiotuma kitu hukaa juu, kwa hiyo namba utakayoiona ndiyo volti ya ishara. Ikiwa ni karibu 5, usiielekeze kwenye RX ya ESP kabla hujaweka vipinga viwili vya kugawa volti: kiloohmu 1 kutoka TXD hadi RX ya ESP, na kiloohmu 2 kutoka RX hiyo hadi GND. Inashuka hadi 3.3V.

Nakusihi ufanye kipimo hiki hata kwa adapta uliyoinunua ghali. Kinachukua muda mfupi kuliko kusubiri ESP nyingine ifike.

Umeme wa kulisha bodi

Kuna hitilafu moja inayowatesa watu wa ESP-01, na mara nyingi lawama hupewa programu. Unaflashi vizuri hadi asilimia 100, unaondoa waya wa GPIO0, unawasha, na bodi inajizima na kujiwasha bila kukoma. Programu haina kosa. Wakati wa kuflashi redio ya Wi-Fi ilikuwa imelala. Sasa imeamka, na umeme hautoshi.

Pini ya 3.3V ya FT232RL inatoka ndani ya chipu yenyewe na inaweza kutoa miliampea 50. Ya CP2102 inatoa miliampea 100. Ya CH340 kwenye vibodi vya bei rahisi haikukusudiwa kulisha mzigo wa maana. Upande wa pili, ESP8266 inapotuma kwa Wi-Fi huhitaji karibu miliampea 170 kwa nguvu ya kawaida, na ESP32 huweza kufika 240. Espressif, watengenezaji wa ESP32, hushauri chanzo cha miliampea 500 au zaidi. Hakuna chipu kati ya hizi inayofika huko. Ukichagua adapta kwa kigezo hiki, zote zinashindwa, ingawa CP2102 inashindwa kwa heshima kidogo.

Suluhisho halimo kwenye adapta. Chukua 5V ya adapta, ambayo inatoka moja kwa moja kwenye USB, ipitishe kwenye regyuleta (kishusha volti) ya AMS1117-3.3 yenye kapasita upande wa kuingia na wa kutoka, kisha lisha ESP kutoka hapo. GND ya adapta, ya regyuleta na ya ESP zikutane. Zisipokutana utapata herufi za ovyo au kimya kabisa. ESP32-CAM ina regyuleta yake, kwa hiyo ilishe 5V kwenye pini ya 5V.

Jambo moja la usalama, na hili nalisema kwa uzito wote. Swichi za Wi-Fi za ukutani zenye ESP ndani huwa na pini za siriali, na watu hupenda kuzibadilishia programu. Kamwe usiunganishe adapta wakati swichi imeunganishwa na umeme wa nyumba. Iondoe kabisa kwenye umeme, ilishe 3.3V ya mezani, maliza kazi, funga kasha lake, ndipo uirudishe ukutani. Sehemu za ndani za vifaa hivyo zinaweza kuwa zimeungana na volti 230, na GND ya adapta yako inaishia kwenye kompyuta uliyoishika kwa mikono.

Draiva: hapa chipu ina neno

FT232RL ni ya FTDI, kampuni ya Glasgow, Uskoti. Chipu halisi ni imara na draiva zake zimekomaa. Tatizo ni kwamba imeigwa sana. Mwezi Oktoba 2014 draiva mpya ya FTDI iliyokuja kupitia Windows Update ilianza kubadilisha namba ya utambulisho ndani ya chipu za kuiga na kuiweka sifuri, na adapta hizo zikaacha kutambuliwa na kompyuta. Malalamiko yalikuwa makubwa, draiva ikaondolewa. Mwaka 2016 ikaja nyingine ambayo, ikikutana na chipu ya kuiga, hutuma maneno "NON GENUINE DEVICE FOUND!" badala ya data yako. Mnunuzi wa mwisho, ambaye hana darubini ya kukagua chipu, ndiye aliyebeba mzigo. Kwa sababu hiyo FT232RL ya bei ya kushangaza siipendekezi. Ama ununue halisi kutoka kwa muuzaji unayemwamini, ama uchague chipu nyingine.

PL2303 ya Prolific, kampuni ya Taiwani, ni chipu nyingine ya aina hii, nayo ina historia inayofanana. Aina ya zamani, PL2303HXA, iliachishwa mwaka 2012, na draiva za Windows mpya huikataa kwa ujumbe wa kusema hivyo. Bado zinauzwa, hasa zile kebo zenye waya nne za rangi. Kwenye Linux zinafanya kazi bila neno. Mwenye Windows azipite tu.

CP2102 ni ya Silicon Labs ya Austin, Texas. Haina visa. Windows 10 na 11 zikiwa na intaneti kwa kawaida huipata draiva zenyewe. Kama intaneti yako ni ya bando, pakua faili la draiva mapema uliweke kwenye flash diski.

CH340 ni ya WCH ya Nanjing, Uchina. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo iliyomo kwenye nakala nyingi za Arduino Uno na Nano, kwa hiyo huenda draiva yake tayari unayo. Linux inayo ndani ya kernel (kiini cha mfumo), kama ilivyo na draiva za chipu nyingine zote nilizozitaja. Lakini kwenye Ubuntu 22.04 kuna kisa kinachowashangaza wengi: unachomeka CH340, /dev/ttyUSB0 inatokea kisha inatoweka. Chanzo ni brltty, programu inayohudumia mashine za kusomea nukta nundu, ambayo hudhani adapta yako ni mojawapo ya mashine hizo kwa sababu namba ya utambulisho ni ile ile, 1a86:7523. Kama hakuna anayehitaji nukta nundu kwenye kompyuta hiyo, andika sudo apt remove brltty, chomoa na uchomeke tena. Kama yupo, usiiondoe, tumia CP2102.

Ukiwa Linux, jiongeze pia kwenye kundi la dialout, lile la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia siriali, la sivyo utaambiwa huna ruhusa. Na hujui adapta yako ina chipu gani? Amri ya lsusb itakuambia: 0403:6001 ni FT232R, 10c4:ea60 ni CP2102, 067b:2303 ni PL2303.

Kasi haistahili aya ndefu. FT232RL inafika baudi milioni 3, CH340 milioni 2, CP2102 ya kawaida milioni 1. Wewe utaflashi ESP kwa 115200 au 460800. Imekwisha.

Kutumia Arduino Uno uliyo nayo

Kama una Uno, unaweza kuanza bila kununua chochote. Unganisha RESET ya Uno na GND ili ATmega328P yake ilale, kisha tumia chipu ya USB ya Uno kama adapta. Hapa waya hazipishani: RX ya bodi unayoiprogramu inakwenda kwenye pini 0 iliyoandikwa RX, na TX kwenye pini 1, kwa sababu maandishi hayo yanaielezea ATmega iliyolala, si chipu ya USB. Ishara ni za 5V, kwa hiyo vipinga viwili vya kugawa volti ni lazima kwa ESP. Pini ya 3.3V ya Uno rasmi ni ya miliampea 50 tu, kwa hiyo isilishe ESP. Na DTR haitoki nje, hivyo unarudi kwenye kubonyeza kwa mkono. Ni njia nzuri ya kujaribu mara moja, au ya kuokoa siku adapta inapokufa.

Ningenunua ipi?

Kwa mtu mmoja mwenye bajeti ya adapta moja, CP2102 yenye pini iliyoandikwa DTR. Inavumilia makosa ya volti kuliko nyingine, na draiva yake haina ugomvi. Anayeishi na Pro Mini achukue kibodi cha FT232RL, halisi. Darasa lenye wanafunzi ishirini na fedha chache litanufaika na CH340, kwa sharti kwamba mwalimu amezipima TXD zote kwa multimita na kuandika matokeo kwa kalamu nyuma ya kila kibodi.

Kwa bodi ya STM32 kama Blue Pill, yoyote kati ya hizi inatosha: BOOT0 kwenye 3.3V, TX ya adapta kwenye PA10, RX kwenye PA9. Programu ya kuflashi iwekwe kwenye pariti ya shufwa ("even parity"), kwani butiloda ya STM32 haisikilizi bila hiyo.

Na kama bado hujanunua mikrokontrola, fahamu kuwa ESP32-S3, ESP32-C3 na Raspberry Pi Pico zina USB ndani ya chipu yenyewe. Bodi nyingi zenye chipu hizo unachomeka kebo tu.

Adapta ikishafika mikononi, ijaribu peke yake kwanza. Unganisha TXD yake na RXD yake kwa waya mmoja, fungua dirisha la siriali, andika neno, tuma. Neno likirudi, adapta na draiva ni nzima, na hitilafu yoyote itakayofuata utaitafuta upande wa bodi. Lisiporudi, mrudishie muuzaji kabla risiti haijapotea.